Baraza Lisilo na Mwenyewe

Nianze kwa kukukumbusha msiba uliotupata muhula wa pili. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na ukurasa katika mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Humo tuliweka mashairi ya wanachama, vitendawili, picha za tamasha, na ile orodha ya misamiati tuliyokuwa tukibishania na wenzetu wa shule mbili za jirani. Kazi ya miaka mitatu. Jumatatu moja mwalimu mlezi akafungua simu yake akakuta maandishi mafupi yakisema ukurasa umefungwa kwa kuvunja kanuni. Kanuni gani? Haikuelezwa. Tulikata rufani mara nne, na mara zote nne tulijibiwa na mashine, tena kwa Kiingereza. Hadi ninapoandika makala haya mashairi yale hatujayaona. Mengine waandishi wake wameshamaliza shule na hawana hata karatasi waliyoandikia.

Jioni ile nilimweleza mjomba wangu, ambaye mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa fundi wa simu katika ofisi ya shirika moja jijini Nairobi. Nilitarajia anipe pole. Badala yake alicheka, akaniuliza, "Yaani mlimpa mtu mmoja vitabu vyenu vyote awawekee, nyinyi mkabaki mikono mitupu?" Nikanyamaza. "Wakati wetu," akasema, "kila kituo kilikuwa na nakala yake."

Wakati wenu? Mimi nilikuwa nikidhani wakati wao kulikuwa na posta na redio tu! Kumbe watu walikuwa wakijadiliana kwa tarakilishi kabla hata intaneti haijafika kwetu, na mabaraza yao hayakuwa na mwenyewe. Nimeyafuatilia mambo hayo tangu siku ile, na ndiyo ninayotaka kukueleza.

Tuanze na mtandao ulioitwa Usenet. Mwaka wa 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walikuwa wakitafuta njia ya kuunganisha tarakilishi za chuo chao na za chuo jirani. Kulikuwa tayari na mtandao mmoja mkubwa, ARPANET, lakini huo ulikuwa wa waliokuwa na kandarasi za utafiti za Wizara ya Ulinzi. Asiye na kandarasi alibaki nje ya ua akichungulia. Walichokuwa nacho vijana hawa ni tarakilishi zenye mfumo wa Unix, programu ya kunakili faili kutoka mashine moja hadi nyingine kwa njia ya simu, na simu yenyewe. Steve Bellovin, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, akaandika programu ya kwanza ya kuendesha baraza hilo. Mwaka wa 1980 ukatangazwa kwa watu wa vyuo vingine. Wenyewe waliuita kwa utani ARPANET ya maskini.

Sasa, ulifanyaje kazi? Hebu tusahau tarakilishi kwa muda. Chukulia kwamba kila shule nchini ina daftari kubwa la baraza la Kiswahili. Mwanafunzi wa Kisumu anaandika swali lake katika daftari la shule yao. Usiku, karani wa shule hiyo anampigia simu karani wa Nakuru na kumsomea yote yaliyoandikwa siku hiyo, naye ananakili neno kwa neno. Nakuru ikimaliza inapigia Nairobi na Nyeri. Nairobi inapigia Machakos, Machakos inapigia Voi, hadi habari inafika Mombasa. Mwishowe kila shule ina swali lile lile katika daftari lake, na mwanafunzi wa Mombasa akitaka kujibu haandiki katika daftari la Kisumu. Anaandika katika la kwao, na jibu linarudi kwa njia ile ile, likinakiliwa kila mahali linapopita. Hakuna daftari kuu. Kila daftari ni kuu nyumbani kwake.

Hapo mwerevu atauliza, je, Nyeri na Nairobi zote mbili zikipigia Embu, si Embu itaandika swali moja mara mbili? Jambo hilo walilifikiria. Kila andiko lilipewa nambari yake ambayo haifanani na ya andiko jingine lolote duniani. Mashine ikiletewa andiko, hutazama nambari kwanza. Ikiwa analo tayari, analitupa. (Naona nimeanza kuiita mashine kana kwamba ni mtu, mnisamehe.) Tena kila mashine iliyolipitisha andiko iliandika jina lake juu, na majina hayo yakatenganishwa kwa alama ya mshangao, kiasi kwamba ukisoma ule mstari unaona safari nzima, kituo kwa kituo. Andiko halikurudishwa mahali ambapo jina lake limekwisha kuandikwa.

Simu zilipigwa usiku kwa sababu usiku ndio uliokuwa rahisi. Nazo zilikwenda polepole kiasi cha kuchekesha. Modemu walizoanzia, yaani vile vyombo vya kugeuza maandishi kuwa sauti ya simu, zilipitisha herufi kama 30 kwa sekunde. Makala haya unayosoma yana herufi kama 16,000, tukihesabu na nafasi. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu dakika tisa za simu, kutoka kituo kimoja hadi kituo kimoja tu. Waanzilishi hawakuona shida kwa kuwa walikisia kwamba mtandao mzima ungepata andiko moja au mawili kwa siku. Jamani! Hawakuwajua binadamu.

Kwa sababu ya mwendo huo wa kinyonga, andiko liliweza kuchukua siku kadhaa kufika mbali. Ilitokea jibu likafika kabla ya swali, kwa kuwa limepitia njia ya mkato. Ndiyo maana watu walizoea kunakili juu ya jibu lao yale maneno wanayoyajibu, kila mstari ukiwa na alama pembeni, ili msomaji asiyeliona swali aelewe. Mjomba anasema ucheleweshaji huo ulikuwa na faida yake. Mtu aliyekasirika jana hujibu vizuri zaidi leo. Mimi sina hakika na hilo, maana nimesoma kwamba matusi yalikuwepo tele.

Mabaraza yalipangwa kwa mada, na majina yake yalisomwa kama anwani, kutoka kubwa kwenda dogo. Mwanzo wa jina ulikuambia tawi: sayansi, tarakilishi, burudani, jamii na kadhalika. Fizikia ilikuwa sci.physics. Mambo ya Waafrika yalizungumzwa katika soc.culture.african, na wengi walioandika humo walikuwa Waafrika waliokuwa wakisoma ng'ambo. Hukuhitaji kumfuata mtu fulani maarufu. Ulifuata jambo. Profesa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza walikaa benchi moja, na anayejibu vizuri ndiye aliyesikilizwa. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Finland wa miaka 21, Linus Torvalds, aliandika katika baraza la comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo mdogo wa tarakilishi kama mchezo tu, akaomba maoni. Mfumo huo ni Linux, ambao leo umo ndani ya simu zote za Android, ikiwemo hiyo ya mzazi wako. Mwezi huo huo Tim Berners-Lee alitangaza wavuti yake katika baraza la alt.hypertext. Kwa hivyo wavuti, ambayo baadaye iliifunika Usenet, ilipigiwa debe ndani ya Usenet.

Lakini hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipojifunza zaidi. Nimesema mabaraza hayakuwa na mwenyewe. Je, nani aliamua? Jibu ni kwamba kila msimamizi wa kituo aliamua katika kituo chake: mabaraza gani ayapokee, nani amruhusu, maandiko ayaweke siku ngapi kabla ya kuyafuta ili diski isijae. Hakuweza kumlazimisha jirani. Lakini kulikuwa na vituo vichache vikubwa vilivyopiga simu za mbali, na bili hizo za simu zililipwa na mtu. Anayelipa hupenda kuagiza. Kati ya mwaka wa 1986 na 1987 wasimamizi wa vituo hivyo waliyabadilisha majina ya mabaraza yote na kuyapanga katika matawi saba. Sababu mojawapo ni kwamba vituo vya Ulaya havikutaka kulipia simu za kuvuka bahari kwa ajili ya porojo, kwa hivyo porojo zikatengewa tawi lake, la talk, ili asiyezitaka alikate kwa urahisi. Watu wakanung'unika. Na walionung'unika walifanya nini? Mwaka huo wa 1987 wachache wao walianzisha tawi lao, la alt, wakapigiana simu wenyewe bila kupitia kwa wakubwa. Hawakumwomba mtu ruhusa. Likaja kuwa tawi kubwa kupindukia.

Linganisha na ukurasa wetu. Sisi tulinung'unika mara nne na hatukuwa na pa kwenda.

Katika yale matawi saba, baraza jipya lilipigiwa kura kwa barua. Ili lipite, kura za ndiyo zilipaswa kuzishinda za hapana kwa 100 na kufikia thuluthi mbili za kura zote. Tulipochagua viongozi wa chama hatukuwa na utaratibu wa maana kama huo, lakini hayo tuyaache.

Nguvu ya mtandao usio na mlango mmoja ilionekana Moscow. Kisa chenyewe kina kichekesho chake. Siku ya wajinga, tarehe 1 Aprili 1984, Mholanzi mmoja, Piet Beertema, aliwachezea watu shere kwa kuandika andiko lililodai kutoka kwa kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Chernenko, kwamba nchi yake imejiunga na Usenet kupitia mashine iliyoitwa kremvax. Watu wakacheka, kwani nani angeamini? Miaka sita baadaye, mwaka wa 1990, ikawa kweli. Wataalamu wa huko walianzisha mtandao wao, Relcom, wakaungana na dunia kwa simu ya kwenda Finland. Tarehe 19 Agosti 1991 kikundi cha wakubwa serikalini kikajaribu kumpindua Rais Gorbachev. Vifaru vikaingia mjini, magazeti yakapigwa marufuku, televisheni ikaonyesha mchezo wa dansi. Lakini hakuna aliyekumbuka kuzifunga tarakilishi. Watu wa Relcom walipitisha habari kutoka mji hadi mji na kwenda nje, wakizipokea pia kutoka nje, siku zote tatu hadi jaribio lile likaanguka. Sisemi kwamba ndizo zilizoliangusha, la. Nasema kwamba hata kama mkubwa mmoja angekata waya mmoja, nakala zilikuwa zimekwisha kutoka.

Nikafikiri habari hizi zote ni za ng'ambo. Mjomba akanisahihisha. Mtandao alioushika yeye kwa mikono yake ulikuwa ndugu wa Usenet, jina lake FidoNet. Ulianzishwa mwaka wa 1984 na Tom Jennings wa San Francisco. Fido ni jina la mbwa, kama sisi tunavyowaita wa kwetu Simba. Tofauti kubwa ni kwamba Fido haikuhitaji mashine ya chuo kikuu. Ilitosha tarakilishi ya kawaida ya mezani, modemu na laini moja ya simu, hata nyumbani kwa mtu. Kila kituo kilikuwa na anwani ya tarakimu, na Afrika yote ilikuwa Kanda ya 5. Kila usiku kulikuwa na saa moja ya posta, ambapo vituo viliwafungia watu mlango ili vipigiane vyenyewe. Kila wiki orodha ya vituo vyote ilisambazwa upya, na katikati ya miaka ya tisini vilipita 30,000 duniani. Sheria ya adabu ilikuwa fupi. Ilitaka usiwaudhi wengine kupita kiasi, wala wewe usiudhike upesi. Ningependa ibandikwe mlangoni pa darasa letu.

Ukoo huu ulipiga hodi Afrika mapema. Mwishoni mwa miaka ya themanini Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kilipata barua pepe yake kwa njia ya Fido, simu ikipigwa kati ya Grahamstown na nyumba ya mtu mmoja, Randy Bush, mjini Portland, Marekani. Hapa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kituo cha Fido kiliendeshwa katika Environment Liaison Centre International, shirika la mambo ya mazingira, nacho kilibadilishana mizigo na lango la GreenNet lililokuwa London. Mashirika madogo yaliyokuwa na modemu yalikipigia kituo hicho simu ya humu humu mjini, na barua zote za kwenda nje zikafungwa pamoja, zikabanwa ziwe ndogo na kutumwa kwa mkupuo mmoja. Ni kama makanga anayekusanya vifurushi vya watu wote wa stendi ili gari moja liende navyo. Simu ya kwenda Ulaya ilikuwa ghali sana wakati huo, na huduma ya kwanza ya intaneti kwa umma wa Kenya haikuja hadi mwaka wa 1995. Madaktari nao walikuwa na mtandao wao, HealthNet, uliotumia mbinu za Fido, na baadhi ya vituo vyake vilipitisha barua kwa setilaiti ndogo iliyopita juu mara chache kwa siku. Ikipita unaipa barua na kuchukua zako, kisha unaingoja ipite tena.

Mjomba anakumbuka modemu ikilia saa nane za usiku, ofisi nzima ikiwa giza, yeye amelala kwenye kiti akilinda laini isikatike. Mvua ikinyesha nyaya zilikoroma, na mzigo ukikatika katikati ilibidi kuanza upya. Asubuhi wakubwa wakija walikuta barua zao zimepangwa, na hakuna aliyeuliza zimefikaje.

Sasa, kama mambo yalikuwa mazuri hivyo, mbona hatuyatumii? Nilimwuliza mjomba, akasema ni pesa za makampuni zilizoharibu. Kwa heshima zote, nadhani hapo amekosea, au amesema nusu. Usenet ilijeruhiwa na kitu kile kile kilichoijenga.

Tazama. Kila mwaka ilipofika Septemba, vyuo vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya, nao waliingia barazani bila adabu, wakipiga kelele na kuuliza yaliyokwisha kujibiwa. Wazoefu walivumilia. Waliandika orodha za maswali yaulizwayo mara kwa mara, wakawaelekeza, na baada ya mwezi hivi wageni wakawa wenyeji. Unakumbuka tulipoingia Kidato cha Kwanza? Hatukujua foleni ya uji inaanzia wapi. Kufikia likizo fupi tulikuwa tumenyooka. Lakini tuseme wageni kama sisi wangekuja kila siku, mwaka mzima, wengi kuliko wenyeji. Nani angemfundisha nani? Ndivyo ilivyotokea kuanzia mwaka wa 1993 na hasa 1994, wakati kampuni ya AOL ilipowafungulia wateja wake Usenet. Wazoefu wakauita wakati huo Septemba isiyoisha.

Halafu wakaja wafanyabiashara. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, mume na mke, walibandika tangazo katika mabaraza zaidi ya 5,000 kwa mpigo. Unajua lilihusu nini? Bahati nasibu ya green card! Ile ile ambayo hata leo vibandiko vyake viko kwenye nguzo za umeme mitaani mwetu. Walitaka watu wawalipe kwa kazi ambayo mtu angeweza kujifanyia mwenyewe. Watu wa barazani waliwaka kwa hasira, lakini hapakuwa na ofisi ya kuwashtaki. Waliwaandikia mawakili barua nyingi hadi kampuni iliyowapa huduma ikazidiwa na kuwakatia. Wengine walikuja na mtindo huo huo kesho yake. Kila msomaji aliweza kuweka katika programu yake orodha ya majina asiyotaka kuyasoma, na hilo nalipenda, kwa kuwa chujio lilikuwa mikononi mwa msomaji mwenyewe. Leo chujio liko kwa kampuni, nalo linatuchagulia kitakachotufanya tuendelee kutazama. Lakini chujio la mtu mmoja halizuii mafuriko. Kila kituo kililazimika kuyabeba matangazo yale na kuyahifadhi, kwa sababu ile ile kwamba kila kituo kilikuwa na nakala ya kila kitu. Baadaye watu wakaanza kupakia picha na filamu humo, diski zikajaa, na msimamizi anayelipia diski akajiuliza anamfanyia nani kazi. Vyuo vikajitoa kimoja kimoja. Tarehe 20 Mei 2010 Chuo Kikuu cha Duke, pale pale ulipozaliwa mtandao huo, kilizima seva yake.

Mtandao wenyewe haukufa. Mabaraza ya maandishi yapo hadi sasa, na kuna vituo vinavyowapokea watu bila malipo, kimoja kikijiita kwa jina la ile Septemba isiyoisha. Wajukuu wapo pia. Mastodon, aliyoianzisha Mjerumani Eugen Rochko mwaka wa 2016, ni seva nyingi zenye wenyewe mbalimbali zinazopelekeana maandishi, na ukigombana na mwenye seva unahamia nyingine bila kupotezana na wafuasi wako. Maandishi yako ya zamani, hata hivyo, hayahami nawe, kwa hivyo kwa kisa chetu isingetuokoa yote.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya kanda. Mabaraza ya mwanzo yalifutwa vituoni baada ya siku chache kwa kukosa nafasi, na ungedhani yamepotea. Lakini katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mtu mmoja aitwaye Henry Spencer alikuwa akiyanakili kwenye kanda za sumaku tangu mwaka wa 1981. Hakuna aliyemtuma. Alipoacha, mwaka wa 1991, alikuwa na kanda 141 zenye maandiko kama milioni mbili. Wenzake walizitoa maandiko yake moja moja, na mwaka wa 2001 kampuni ya Google, iliyokuwa imenunua hazina nyingine ya maandiko ya Usenet kuanzia mwaka wa 1995, iliyaweka yote mahali pamoja watu wayasome. Mwezi wa Februari 2024 Google ikaacha kupokea maandiko mapya ya Usenet. Lakini hilo halikuyazima mabaraza, kwa kuwa Google ilikuwa kituo kimoja miongoni mwa vingine.

Niliyaeleza haya katika mkutano wa chama, na kulikuwa na ubishi. Wengine walitaka tufungue ukurasa mwingine tu, kwa kuwa ndiko watu waliko, na hilo ni kweli. Tumeufungua. Ila sisi ni wanafunzi wa kutwa, na kila jioni tunatawanyika mitaa tofauti kama zile simu za usiku. Kwa hivyo mwalimu amekubali jambo la pili. Yote yanayopatikana, mashairi tuliyoyakusanya upya kutoka kwenye madaftari na simu za watu, orodha ya misamiati kadiri tulivyoikumbuka, na toleo hili la jarida, yamewekwa katika flashi sita. Kila flashi inalala nyumba tofauti. Ijumaa ya mwisho wa mwezi zinakutana katika chumba cha tarakilishi, zinalinganishwa, na iliyokosa kitu inanakiliwa. Kila shairi lina nambari yake. Shule mojawapo ya jirani imeomba nakala, na mwanachama anayepanda matatu ya upande huo ndiye karani wetu wa usiku.

Si kazi rahisi. Mwezi wa kwanza flashi moja ilipatwa na virusi kabla haijamaliza wiki, na mwenye nyingine aliisahau katika suruali iliyofuliwa. Hiyo iliyofuliwa, ajabu, inafanya kazi. Tukapoteza moja, na kwa kuwa tano zilikuwa nzima hatukupoteza hata beti moja. Nyingine imenunuliwa badala yake, lakini bado haijapata mwenyewe wa kuilaza. Anayekaa upande wa mtoni, ambako hatuna mtu, na aliye tayari kufika kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi bila kukosa, amwone katibu.